NIKO SAWA, MWALIMU!

Msomaji mpenzi, hujambo? Bila shaka umenijibu, "Sijambo." Hivyo ndivyo tulivyofunzwa tangu tungali wadogo. Hata mgonjwa aliyelazwa hospitalini, mguu umefungwa plasta hadi pajani, ukimjulia hali atakuambia, "Sijambo, ila mguu tu." Hiyo ni adabu ya lugha yetu na sina ugomvi nayo. Ninalotaka ulitazame ni hilo neno dogo "ila". Hilo ndilo mlango. Mtu hutanguliza adabu kwanza, kisha kwa mlango huo hutoa la moyoni.

Lakini hapa shuleni petu liko jibu jingine lililoenea kama kunguni wa bwenini: "Niko sawa." Mwalimu akikuuliza mbona umenyong'onyea, "Niko sawa, mwalimu." Kiranja akikukuta umejiinamia nyuma ya bweni wakati wa michezo, "Niko sawa, bwana, shughulika na yako." Mzazi naye, siku ya kutembelewa, akikuuliza mbona umekonda, "Niko sawa, mama, ni masomo tu." Jibu hili halina "ila". Ukishalitamka umefunga mlango na kutia komeo.

Maoni yangu ni haya, na ninayasema mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia: mara nyingi "niko sawa" ni jibu la mtu anayeogopa, na sisi sote, wanafunzi kwa walimu, ndio tuliomfunza kuogopa. Sisemi haya kwa kusikia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami kitanda hiki nimekilalia.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu, muhula wa pili, nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilikaa huko wiki tatu. Niliporudi, wenzangu walikuwa wamemaliza mada ya moli katika Kemia, na mimi sikujua moli ni mnyama gani. Mtihani wa katikati ya muhula ulipofika nikaporomoka kutoka nafasi ya 9 hadi ya 41, katika darasa la wanafunzi 56. Orodha ikabandikwa ukutani nje ya chumba cha walimu, na kila aliyepita alinipa pole ambayo sikuiomba.

Nikajiapiza kwamba lazima nipande. Nikaanza kuamka saa tisa za usiku. Mnajua taa za bweni huzimwa, lakini ya chooni haizimwi. Basi huko ndiko tulikojenga maktaba yetu, watu saba au wanane, kila mmoja na daftari lake, wengine wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Usingizi tuliufukuza kwa kutia miguu katika beseni la maji baridi. Tulijiona mashujaa. Aliyelala hadi alfajiri tulimcheka na kumwambia kwamba KCSE haifanywi na watu wa mto.

Wiki za kwanza niliona fahari. Baadaye mambo yakageuka. Nilikuwa nikisoma mstari mmoja mara tano na hauingii. Moyo ulinidunda hata siku ambazo hapakuwa na mtihani. Tumbo lilinisokota kila kengele ya alfajiri ilipolia. Hata ule muda mfupi nilioubakisha wa kulala, usingizi haukuja. Nilikodoa macho gizani nikipiga hesabu ya karo iliyobaki. Zahanati ya shule niliizuru mara nne katika wiki mbili, na kila mara nilitoka na tembe mbili nyeupe za kutuliza maumivu. Simlaumu muuguzi. Nilimwambia ni kichwa, akatibu kichwa.

Darasani nikawa ninasinzia. Mwalimu mmoja akanipa jina la "Bwana Usingizi", darasa likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Adhabu yangu ikawa kung'oa kisiki. Kisiki kile kilinichukua siku tatu, na usiku nikarudi chooni kufidia saa zilizoliwa na kisiki! Hebu niambie, msomaji, hapo palikuwa na dawa gani?

Siku moja mwalimu wangu wa darasa akaniita kando, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana wangu, una shida gani?" Kusema kweli, maneno yalikuwa yamenifika kooni. Lakini nilijua kitakachofuata: nitatumwa kwenye ofisi ya ushauri nasaha. Nikaliona lile benchi akilini.

Wasomaji wa shule hii hawahitaji kuelezwa ni benchi lipi. Ofisi ya ushauri iko mlango wa pili kutoka ofisi ya nidhamu, na wanaosubiri ofisi zote mbili hukalia benchi moja, mkabala wa njia ya kwenda madarasani. Kaa pale dakika tano tu, na kufikia chakula cha mchana shule nzima inaulizana, "Jamaa alishikwa na nini? Ni simu ama ni sigara?" Isitoshe, mwalimu anayetushauri ndiye huyo huyo anayeketi katika kamati ya nidhamu. Leo umwambie siri yako, kesho akusomee mashtaka! Ni mwalimu mwema, sikatai, lakini lila na fila havitangamani. Basi nikameza mate, nikasema, "Niko sawa, mwalimu."

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa dawati, na kilichonisaliti ni chapati. Mnajua thamani ya chapati hapa kwetu. Siku hiyo hata waliolazwa zahanati hupona. Mimi nilimpa yangu. Zamu ya chapati ilipofika tena, nikampa tena. Akaikataa. Akanitazama akaniambia, "Wewe, mtu mwenye afya zake hagawi chapati mara mbili. Kuna nini?" Nikamjibu kama kawaida, "Niko sawa." Hakubishana nami. Akasema tu, "Haya, uko sawa, ila?"

Msomaji, sijui kama alijua alichokifanya. Neno hilo moja lilifungua komeo. Nililia pale nyuma ya ukumbi wa maakuli kama mtoto wa chekechea, na sahani ya maharagwe mkononi.

Hakunipeleka kwenye benchi. Alinipeleka shambani, kwa mwalimu wetu wa Kilimo, ambaye jioni hunyunyizia sukuma wiki maji. Tulishika mikebe tukamsaidia, na katika kusaidia nikasema yote: karo, moli, choo cha usiku, moyo unaodunda. Hakunihubiria. Aliniuliza maswali mawili tu. La kwanza, "Unalala saa ngapi?" La pili lilikuwa zito zaidi: "Umewahi kuwaza kwamba ni heri usingekuwapo?" Nilimjibu ukweli kwamba ndiyo, mara moja au mbili, wazo hilo lilipita. Hakuruka wala hakunigombeza. Alisema, "Asante kwa kuniambia. Hili hatuliachi liingie usiku." Jioni hiyo hiyo alimpigia baba simu, na baada ya siku mbili nikaenda hospitali ya kaunti pamoja na baba, nikazungumza na daktari ambaye kazi yake ni hiyo. Niliendelea kumwona muhula mzima. Suala la karo nalo mwalimu alilipeleka mwenyewe kwa mkuu wa shule, na baba akakubaliwa kulipa kidogo kidogo. Mwenzangu wa dawati akanifunza moli kwa jioni tano. Na agizo nililopewa na wote, daktari na mwalimu, lilikuwa moja: lala.

Sitawadanganya kwamba nilipaa kama tai. Mwisho wa mwaka nilikuwa wa 27. Lakini chapati nilikula yangu.

Sasa tuache hadithi yangu, kwani mmoja si kitu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Chukueni kalamu mpige hesabu. Darasa letu lina watu 56. Gawa kwa saba: ni wanane. Huenda kwetu ni wachache kuliko hao, huenda ni wengi zaidi, lakini mimi sikuwa peke yangu, na leo pia wako. Ni nani hao? Mbona hatuwajui? Ni kwa sababu kila mmoja wao, ukimwuliza, yuko sawa.

Sisemi kwamba kila wasiwasi ni ugonjwa. La hasha! Moyo kudunda kabla ya mtihani ni jambo la kawaida. Mwili hutoa kemikali kama adrenalini na kortisoli ili uwe macho, kama vile ungekutana na nyoka njiani. Nyoka akienda zake, mwili hutulia. Shida ni pale nyoka asipoondoka muhula mzima. Mwili unaokaa macho wiki baada ya wiki huchoka: usingizi hupotea, hamu ya chakula hupungua, hasira huja bila sababu, na akili hukataa kushika mambo. Hapo ndipo msongo unapogeuka mzigo, na mzigo mzito mpe mwenzako hauwi utani tena.

Kuhusu usingizi, wataalamu wa Marekani wa tiba ya usingizi walitoa mwongozo mwaka wa 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila siku. Ni katika usingizi ndipo ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi yale uliyoyasoma. Kwa hiyo anayekesha chooni ni kama mtu anayeteka maji usiku kucha kwa ndoo iliyotoboka. Na hata sheria yetu iko upande wa mto! Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinaweka masomo ya darasani, Jumatatu hadi Ijumaa, kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na katika shule za bweni zinasema kuanzia saa tatu na nusu usiku ni wakati wa kulala. Sitaki kumtia mtu matatani, lakini kengele yetu na kanuni hizo hazijawahi kuonana.

Najua nitapingwa. Kwanza watasema wazee wetu, "Sisi tulisoma kwa koroboi, tukatembea kilomita kumi kwenda shule bila viatu, na hatukuwa na hayo mambo ya msongo." Wazee wetu, kwa heshima na taadhima, mlikuwa nayo, ila hamkuwa na jina lake. Wale wenzenu walioacha shule ghafla wakasemwa wamerogwa, au yule aliyesemwa "alisoma sana hadi akili ikaruka", je, hao walikuwa na nini? Hospitali ya Mathari kule Nairobi ilianza mwaka wa 1910. Si sisi wa siku hizi tulioileta.

Pili watasema walimu, "Tukiwafungulia mlango huu, kila mvivu atasema ana msongo ili aikwepe prepu." Ni kweli, watakuwepo. Lakini wapo pia wanaojifanya wana malaria ili wakwepe mbio za nyika, na sijasikia mtu akisema kwa sababu hiyo zahanati ifungwe. Mwongo atajulikana. Anayenyamaza ndiye hajulikani mpaka maji yazidi unga.

Tatu, watasema kwamba haya ni mambo ya nyumbani, shule kazi yake ni masomo. Hapo nakataa kabisa. Mwaka wa 2001, jopo lililoongozwa na Bi. Naomi Wangai kuchunguza migomo na utovu wa nidhamu katika shule za upili lilipendekeza ushauri nasaha uimarishwe shuleni. Mwaka wa 2020, jopo jingine lililoongozwa na Daktari Frank Njenga liliitaka serikali itangaze maradhi ya akili kuwa janga la kitaifa. Na mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili kinakwenda kinyume cha katiba. Yaani hata mahakama imesema mtu wa namna hiyo ni wa kutibiwa, si wa kushtakiwa. Kama mahakama imeweza kuutenganisha ugonjwa na kosa, shule yetu itashindwa kutenganisha milango miwili?

Ombi langu kwa shule, basi, ni dogo, wala halihitaji harambee. Kwanza, ofisi ya ushauri ihamishwe kutoka karibu na ofisi ya nidhamu. Kile chumba kilicho nyuma ya maktaba kimejaa viti vilivyovunjika. Viti hivyo vikiondolewa, chumba ni hicho, na anayekwenda huko atadhaniwa anakwenda kuazima kitabu. Pili, mwalimu wa ushauri asiketi katika kamati ya nidhamu, na atutangazie kwenye gwaride ni mambo gani atayaweka siri na ni yapi hawezi kuyaficha kwa sababu uhai wa mtu uko hatarini. Tukijua mpaka ulipo, tutasema. Tatu, mwanafunzi aliyerudi kutoka nyumbani kwa sababu ya karo apewe mtu wa kumfunza yaliyompita kabla ya jina lake kubandikwa ukutani. Nne, mwanafunzi akisinzia darasani mara tatu, kabla ya kisiki aulizwe swali.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msidhani mmepona. Ni nani anayemwambia mwenzake "wewe ni wa Mathari" kila akikosea? Ni sisi. Ni nani aliyegeuza kukosa usingizi kuwa medali? Ni sisi. Mwalimu anaweza kuhamisha benchi, lakini vicheko vya bwenini ni vyetu. Tuache. Tulale. Twendeni uwanjani saa za michezo hata kama mguu wako na mpira hawajuani. Kukimbia tu kunasaidia. Tusome mada moja tuimalize badala ya kufungua vitabu sita na kuvililia vyote. Wale wanaotafuta nguvu katika miraa na vinywaji vya kukesha, mnakopa usingizi kwa riba ambayo hamtaweza kuilipa mwezi wa mtihani.

Na tuangaliane. Rafiki anayejitenga, asiyeoga kama zamani, anayegawa vitu vyake, anayecheka kupita kiasi kisha ananyamaza ghafla, usimpite. Kaa naye. Huna haja ya kuwa daktari. Uwe na masikio tu. Na akikuambia kwamba ni heri asingekuwapo, hiyo si siri ya kuweka, hata akikuapisha. Usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo mwambie mtu mzima unayemwamini. Afadhali akununie muhula mzima akiwa hai. Ukiwa nyumbani likizoni na huna wa kumwambia, namba 116 ya kuwasaidia watoto nchini Kenya hupigwa bure, usiku na mchana.

Sisi wa 8-4-4 tuko katika mkia wa mfumo ulioanza mwaka wa 1985, na KCSE yenyewe imekuwapo tangu 1989. Mfumo unaondoka, mitihani inabadilika majina, lakini moyo wa mwanafunzi ni ule ule. Kaka yangu yuko chuo kikuu, na ananiambia kwamba huko hakuna kengele, hakuna kiranja wala matroni. Ukiwa hujazoea kusema huku, kule utanyamaza hadi lini? Afadhali tujifunze sasa, huku bado yuko wa kutuona tukigawa chapati.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeyafichua yangu katika kurasa hizi, na atakayenicheka na acheke. Vicheko nimeshavizoea tangu enzi za Bwana Usingizi. Ombi langu la mwisho kwako, msomaji, ni jepesi. Leo jioni, kabla taa hazijazimwa, mgeukie mwenzako wa kitanda cha pili umwulize hali. Akikujibu kwamba yuko sawa, usiridhike upesi. Mwongezee neno moja tu.

"Ila?"

Kisha unyamaze, umsikilize.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Nne